Kimya cha kidato cha kwanza

Mwalimu wa baiolojia anauliza kwa kimombo kazi ya mizizi ni nini. Darasa zima linainamia madaftari. Swali hilohilo likiulizwa kwa Kiswahili, vidole vinanyooka mpaka nyuma. Watoto hawa wa Tanzania wamesoma shule ya msingi miaka 7 kwa Kiswahili, kisha wakaingia sekondari na karibu kila somo likageuka kuwa la Kiingereza.

Kunyamaza ndiyo kinga yao ya kwanza. Ya pili ni kuitikia "yes" kwa pamoja, hata pale swali lisipotaka ndiyo wala hapana. Ya tatu ni kumnong'oneza jirani kwa Kiswahili, kuandika sentensi pembeni ya daftari, ndipo kidole kiende juu. Hii ya tatu ndiyo yenye akili, na ndiyo inayokemewa kwamba ni kupiga soga!

Ningeifanya iwe utaratibu. Uliza swali, nyamaza, hesabu moyoni mpaka 10. Wape dakika moja wanong'onezane kwa lugha yoyote, dakika moja waandike sentensi moja, kisha kila mmoja amsomee jirani yake kabla hujamwita mtu. Ni dakika 3 hivi. Kwa kipindi cha dakika 40, maswali mawili ya namna hii yanatosha. Ukimrukia mwingine baada ya sekunde moja, wa kwanza umemkata akiwa bado anatafuta neno.

Halafu kicheko. Mtoto anasema "my mother, he is a farmer", darasa linaangua. Kosa limetoka kwenye "analima": hiyo a- ni ya baba na mama vilevile. Usimsimamishe arudie mara tano. Mjibu tu, "Oh, she is a farmer? What does she grow?" Kalisikia neno sahihi, na mazungumzo yanaendelea. Lafudhi isiyoharibu maana iache.

Kibao cha kumvisha shingoni aliyeteleza akaongea Kiswahili, sioni faida yake. Njia rahisi ya kutokivaa ni kufunga mdomo, na wanafunzi wanalijua hilo vizuri. Tena mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne ni wa kuandika, kwa hiyo aliyefunga mdomo miaka 4 hakuna anayemgundua.

Bandika ukutani sentensi moja wanayoihitaji kuliko zote: "Sir, how do you say 'mizizi' in English?" Na anayeitumia ajibiwe, asichekwe.