Askari Kanga Nao Waandikiwe Historia Yao

Ukiingia Ngome ya Lamu utaelezwa kwamba ujenzi wake ulimalizika 1821, na kwamba tangu 1910 hadi 1984 ilikuwa jela. Habari za kuta tunazo. Habari za waliokuwa wakiwakamata watu na kuwaleta nyuma ya kuta hizo hatuna, na linaniuma, maana babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao.

Babu alikuwa askari kanga. Jina rasmi, polisi wa kikabila. Chimbuko lao ni sheria ya 1902 iliyowapa nguvu wakuu wa vijiji. 1929 wakapata sheria yao wenyewe, na 1958 wakaitwa Polisi wa Utawala, hawa tuliowazoea kwa jina la AP. Hawakuwa sawa na polisi wa kituoni. Mkubwa wao alikuwa DC, yaani mkuu wa wilaya, na kazi yao ilikuwa amri za serikali zifike mpaka mlangoni kwa mtu.

Mkoloni aliwataka wenyeji kwa makusudi. Mgeni angejuaje nani ana minazi mingapi, nani amehama usiku kukwepa kodi? Babu alijua. Bibi alikuwa akisema, "Askari wakiya, waume wote hukimbilia shamba," kisha ananyamaza kidogo, kwa sababu askari mwenyewe ndiye aliyemuoa. Wajomba zake bibi walimficha babu hesabu ya mbuzi wao mpaka anastaafu. Akija harusini analishwa vizuri, lakini mazungumzo yanapungua.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaotaka kuwasifu tu, na pia na wanaowaita vibaraka na kufunga mjadala. Babu alitumwa kwa watu wake, na alitumwa kwa sababu ni watu wake. Mambo haya mawili hayatenganishiki, na historia itakayotaja moja tu itakuwa imewadhulumu pia waliokamatwa.

Katiba ya majimbo ya 1963 ilitaka kila jimbo, Pwani ikiwemo, liwe na kikosi chake ndani ya Polisi wa Kenya. Majimbo yenyewe hayakuvuka Desemba 1964. Mwaka 2018 serikali ikawahamishia maelfu ya maafisa wa AP katika Polisi wa Kenya, na sare mpya za buluu zikaja. Sipingi muungano huo. Amri mbili katika kata moja zilileta mkanganyiko. Ila katika miaka ya kafyu ya usiku hapa Lamu, baada ya shambulio la Mpeketoni la Juni 2014, niliona jinsi mvuvi anavyohangaika kumweleza afisa mgeni kwa nini maji yakijaa usiku ndiyo saa ya kutoka. Babu asingehitaji maelezo hayo. Askari anayejua bamvua, yale maji makubwa ya bahari, ana faida, na anayejua mbuzi wako wako wapi ana hatari. Tungekuwa na historia yao, tungelizungumza hili kwa akili zaidi.

Wazee waliovaa sare hiyo wanaondoka, na waliokimbizwa nao pia. Vijana wenye simu wangeanza kuwarekodi mwezi huu, Langoni, Faza, Witu, pande zote mbili.

Mama ameweka kifungo kimoja cha shaba cha koti la babu ndani ya mkebe wa kahawa. Kimelika ukingoni kwa kusuguliwa na jivu na ndimu kila Ijumaa. Ngome ikitenga chumba kimoja kwa habari hizi, nitakipeleka mimi mwenyewe, pamoja na maneno ya bibi kuhusu waume waliokimbilia shamba.