Miaka 33, na gemu limeshaamua

Mwaka 2010 Ichiro Suzuki wa Seattle Mariners, timu ya besiboli ya Marekani, akiwa na miaka 36, alipata mipigo salama 214, yaani ile inayomfikisha mpigaji kwenye beisi. Ulikuwa msimu wake wa kumi mfululizo wa kufikisha 200. Mwaka uliofuata akaishia 184, na wastani wake wa kupiga, yaani mipigo salama ikigawanywa kwa mara alizojaribu kupiga, ukaporomoka kutoka .315 hadi .272. Kisha 2016, yuko Miami na miaka 42, akapiga .291.

Sasa mpe mtengenezaji wa gemu la besiboli kazi ya kuandika kanuni itakayomzeesha mtu huyo.

Katika magemu kama MLB The Show na Out of the Park Baseball, unachukua timu na kuiendesha misimu ishirini ukipenda. Kila mchezaji ana alama zake: nguvu, mbio, mkono wa kurusha, jicho la kuchagua mpira wa kupiga. Miaka ikisonga, vijana wanapanda na wakongwe wanashuka. Kuhusu kushuka kwenyewe hakuna ubishi. Watu wanagombania kasi, na nani ashuke.

Wanaotetea kushuka mapema wana hoja nzito. Mchambuzi wa takwimu za besiboli Bill James aliandika mwaka 1982 kwamba wapigaji hufikia kilele karibu na miaka 27, wakati ambapo wengi waliamini kilele kinakuja baadaye zaidi. Kwa hiyo gemu linaloanza kumpunguzia mtu alama akiwa na 31 halijamwonea. Tena kumbukumbu zetu zinatudanganya. Tunamkumbuka mpigaji Nelson Cruz, aliyepiga homurani 41 (mipira iliyovuka uzio wa uwanja) mwaka 2019, msimu aliotimiza miaka 39. Wenzake wa rika lake hatuwakumbuki kwa sababu walishaachwa na timu zao, na aliyeachwa hana takwimu za kuonyesha jinsi alivyochoka. Mzee anayebaki uwanjani ni yule aliyepita kwenye chujio.

Kuna na sababu ya kiufundi ambayo wachezaji wa gemu huisahau. Kila mwaka ligi inapokea vijana wapya. Wakongwe wasiposhuka, alama zinarundikana, kila timu inajaa nyota, na baada ya misimu kumi takwimu za ligi hazifanani tena na besiboli yoyote unayoijua.

Hayo yote nayakubali. Ninapoachana nao ni pale wastani wa watu elfu unapogeuzwa hatima ya mtu mmoja. Kila mwenye miaka 33 akipunguziwa alama kwa mtindo uleule, mtumiaji anaijua tarehe. Anauza nyota wake akiwa na 31, anachukua vijana wawili, na timu inayoendeshwa na kompyuta inapokea mzigo bila kuuliza. Hapo hakuna tena umeneja, ni kuwahi tu kabla bidhaa haijaoza. Mameneja wa kweli hawana tarehe hiyo. Baltimore Orioles walimpa mpigaji Chris Davis mkataba wa miaka saba wa dola milioni 161 mwaka 2016, na 2018, akiwa na miaka 32, alipiga .168.

Halafu mwili hauzeeki wote kwa pamoja. Miguu hutangulia, kasi ya mrushaji nayo haikawii, lakini jicho la kuchagua mpira linaweza kudumu au hata kunoleka. David Ortiz mwaka 2016 alikuwa na miaka 40 na miguu inayomsumbua, lakini alipiga .315 na homurani 38. Gemu linaloshusha kila kitu kwa pamoja haliwezi kumzaa Ortiz.

Out of the Park linampa mtumiaji funguo: kasi ya kuzeeka kwa wapigaji, ya warushaji peke yake, na kiwango cha bahati nasibu katika mabadiliko ya vipaji. Wapo wanaoichukia bahati nasibu hiyo, na siwalaumu. Umemlea kijana misimu minne, halafu asubuhi moja kipaji kimeyeyuka bila maelezo! Hata hivyo nisingeiondoa. Ningetaka itanguliwe na dalili: mpigaji aanze kukosa mipira ya kasi, mrushaji apoteze maili mbili kwa saa katika kasi yake, goti lianze kuuma. Dalili zenyewe ziwe za kutilia shaka, ili wawili wakiziangalia wasikubaliane.

Maana mwangalie mpigaji Albert Pujols. Los Angeles Angels walimwacha Mei 2021, na kwa hesabu yoyote ya umri walikuwa sahihi. Mwaka 2022 akarudi timu yake ya zamani, St. Louis, na miaka 42, akapiga homurani 24 na kumaliza maisha yake ya mchezo na 703. Kwa kanuni ya tarehe angekuwa ameshastaafishwa zamani, na wewe mwenye timu usingepata hata nafasi ya kumkataa kimakosa.