Kwa elfu hamsini, nunua hedifoni za waya

Watu wakiniuliza wanunue hedifoni gani za masikioni kwa shilingi elfu hamsini hivi, jibu langu huwa moja, na wengi hawalipendi: nunua za waya.

Za Bluetooth za bei hiyo zipo tele, na kale kaboksi kanakowaka taa kanavutia kweli. Lakini angalia pesa yako inakwenda wapi. Unalipia betri tatu, mbili za masikioni na moja ya kwenye boksi, unalipia chipu ya Bluetooth, unalipia saketi ya kuchaji, kisha kinachobaki ndicho kinanunua spika yenyewe. Na betri zile ni ndogo mno, zimebanwa ndani kwa gundi, na kila unapochaji zinapungua nguvu. Zikichoka, fundi hana pa kuzifungulia. Kwenye za waya, karibu pesa yako yote inaingia kwenye sauti.

Maandishi ya kwenye boksi yasikuzuzue. "20 Hz hadi 20,000 Hz" ndiyo masafa, toka sauti nzito kabisa hadi nyembamba kabisa, ambayo sikio zima la binadamu linasikia, na karibu kila boksi limeandikwa hivyo, la elfu tano na la laki tano. Hayakwambii kama besi imezidishwa mpaka inamfunika mwimbaji. Jina kubwa pia si kinga: hedifoni "za kampuni" zinazouzwa barabarani Kariakoo kwa elfu tano mara nyingi zimeazima jina tu.

Bahati ya mnunuzi wa leo ni kwamba kuna kampuni za China, kama KZ na Moondrop, zilizojikita kwenye soko hili la bei ndogo kwa umakini. Hedifoni ya waya ya Moondrop iitwayo Chu ilitoka mwaka 2022 kwa dola kama 20 za Marekani. Mwaka uliofuata ikaja Chu II, bei ileile kasoro kidogo, ila waya wake unachomoka. Hapo ndipo ninapokazia. Hedifoni nyingi hufia kwenye waya, pale karibu na pini unapokunjwa kila siku mfukoni. Spika zake bado nzima, na zote zinatupwa. Waya ukiwa wa kuchomoka, unanunua waya mpya na maisha yanaendelea. Kama unapiga simu sana, hakikisha unachukua toleo lenye maikrofoni, maana zinauzwa pia zisizo nayo.

Jambo ambalo watu wengi hulipuuza, na ambalo kwangu linazidi jina la kampuni, ni vile vipira vya silikoni. Boksi huja na saizi tatu, ndogo, ya kati na kubwa, na mtu huvaa zile zilizokuja zimevalishwa, basi, nyingine zinabaki kwenye kifuko. Kipira kisipoziba tundu la sikio, besi yote inavuja nje na sauti inakuwa nyembamba, kali. Jaribu hivi: peleka mkono wa pili nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma kidogo, ingiza hedifoni, kisha liachie sikio lirudi. Piga wimbo wenye besi. Sasa sukuma hedifoni ndani taratibu kwa kidole. Besi ikiongezeka ghafla, kipira hakijakuziba vizuri. Jaribu saizi nyingine. Wala usishangae sikio la kushoto likataka saizi tofauti na la kulia, ni kawaida kabisa.

Kisha sikiliza muziki unaoujua. Mimi hupenda kupimia dansi la zamani, Mlimani Park Orchestra kwa mfano, kwa sababu ndani yake kuna magitaa yanayopishana, tarumbeta na waimbaji kwa pamoja. Hedifoni nzuri inakuwezesha kulifuata gitaa la kati peke yake wakati solo inachacharika juu yake. Mbaya inavichanganya vyote viwe uji. Taarabu asilia nayo inafaa sana: ganuni na fidla zikikuchoma masikio, zirudishe kwa muuzaji.

Kama simu yako haina tundu la hedifoni, utahitaji adapta ya Type-C. Chukua yenye chipu yake ya kubadili sauti ya kidijitali; zile zilizo waya mtupu zinakubali kwenye simu baadhi tu, kwa hiyo ijaribu kwenye simu yako hapohapo dukani.

Na hili la kuziba vizuri linagusa afya. Shirika la Afya Duniani linashauri usikilize kwa kiwango cha desibeli 80 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa muda usiozidi saa 40 kwa wiki, na kadiri sauti inavyopanda ndivyo muda huo unavyopungua kwa kasi. Ndani ya daladala, mwenye hedifoni zinazovuja hupandisha sauti mpaka mwisho ili kuushinda mlio wa injini na kelele za konda, na masikio yaliyoharibika kwa kelele hayaponi. Kipira kikikaa sawasawa, makelele ya nje yanapungua, nusu ya sauti ya simu inakutosha. Ila ukishuka kituoni zitoe zote mbili kabla hujavuka barabara, kwa sababu bodaboda inayokuja nyuma yako hutaisikia.