Gari Linalovuja Ukiwa na Pesa

Gari langu ni matatu mstaafu. Ukilisogelea utauona ule mstari wa manjano wa sheria za matatu za waziri Michuki za 2004, umefifia chini ya rangi nyeupe. Siku hizi linabeba hema na viti vya sherehe, na petroli naweka ya kazi ya leo tu: mia tano hapa, elfu moja pale. Tangi hujaa mteja wa safari ya mbali akilijaza mwenyewe.

Basi likaanza kunuka petroli. Si kila siku, la. Litanyamaza hata wiki mbili, halafu alfajiri soja wa ploti anabisha: "Mzee, gari imekojoa." Natoka mbio na tochi, naingia chini ya gari. Doa lipo, harufu ipo, tone hakuna. Mama mandazi wa pale getini alihamisha jiko lake bila kuambiwa, wateja wakamfuata.

Nikalipeleka Grogan, kwenye gereji za Nairobi. Fundi akalala chini, akapapasa paipu, akalamba kidole, akatoa hukumu: filta. Tukabadilisha filta. Soja akabisha tena. Tukabadilisha klipu. Soja huyo. Mwisho fundi akapaka viungo vyote poda ya watoto, eti petroli ikitoka itachora njia yake. Nilizunguka Eastlands nzima nikinukia kliniki ya wazazi, na poda haikuguswa. "Mkubwa," akaniambia kwa upole, "umeenda kupimwa pua?"

Siri ilifichuka harusini. Ilikuwa Oktoba 2023, petroli imefika shilingi 217 kwa lita, na baba ya bwana harusi, Mungu ambariki, akajaza tangi hadi mdomoni. Nikaegesha kwenye mteremko wa kanisa. Niliporudi, shangazi ya bibi harusi alikuwa amesimama hapo, leso puani, akimfukuza mpiga picha aliyekuwa akitafuta kibiriti. Petroli ilikuwa ikidondoka waziwazi, mbele ya wakwe.

Kumbe ni ule mpira mnene unaotoka kwenye mdomo wa kujazia kuingia tangini. Ulikuwa na ufa upande wa juu, mahali ambapo jicho halifiki. Mafuta yakiwa kidogo hayaugusi. Tangi likijaa, gari likainama, yanapenya hadi yashuke chini ya ufa, kisha kimya. Nami Grogan nilikuwa nikifika mshale umelala E. Fundi angeona nini?

Safari hii nikalipeleka limejaa, polepole, madirisha wazi. Mpira wenyewe ulikuwa wa bei ya lita chache tu. Lakini huwezi kuufungua tangi likiwa limejaa, kwa hivyo fundi akanyonya mafuta kwa paipu, akajaza mitungi mitatu. Nikaenda kunywa chai. Kurudi, mpira mpya uko mahali pake, na mitungi ni miwili.

"Na ule mwingine?"

Fundi akafuta mikono taratibu. "Huo, mkubwa, umevuja."