Buzludzha: jumba linalokataliwa na wenyewe

Migogoro ya mali za vyama tuliyoizoea ni ya kuvutana. Viwanja vya Kirumba na Sokoine viko mikononi mwa CCM, na wapinzani hawachoki kusema vilijengwa kwa jasho la wote enzi za chama kimoja. Kenya nako, jumba la mikutano la KICC jijini Nairobi lilitoka mikononi mwa KANU mwaka 2003. Bulgaria wao wanasukumiana jumba.

Jumba lenyewe liko kileleni mwa mlima Buzludzha, zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari: sahani kubwa ya zege, na kando yake mnara wa mita 70 wenye nyota nyekundu. Chama cha Kikomunisti kililifungua mwaka 1981 kuenzi mkutano wa wasoshalisti uliofanyika mlimani hapo mwaka 1891 chini ya Dimitar Blagoev, mwasisi wa usoshalisti wa Bulgaria. Msanifu alikuwa Georgi Stoilov. Fedha, zaidi ya leva (sarafu ya Bulgaria ya wakati huo) milioni 14, zilitokana na michango ya wananchi, ya hiari kwa mujibu wa chama. Aliyewahi kuchangishwa Mwenge anaijua hiari ya namna hiyo.

Baada ya 1989 mali za chama zilitaifishwa na jumba likabaki halina mlinzi. Shaba ya paa iling'olewa, theluji ikaingia hadi ukumbini. Kwenye mozaiki za ukutani, uso wa Todor Zhivkov, kiongozi wa chama na nchi hadi 1989, umechokonolewa wote. Marx, Engels na Lenin wakabaki wakitazama. Juu ya mlango mtu akaandika kwa rangi nyekundu: sahau yako ya zamani.

Mwaka 2011 serikali ya Boyko Borisov, waziri mkuu wa wakati huo, iliamua kuwakabidhi Wasoshalisti, warithi wa wakomunisti, jumba hilo bure. Kumbukumbu ni yao, walitunze wao. Hoja hiyo ina uzito. Mtu ambaye baba yake alifungwa Belene, kambi ya wafungwa wa kisiasa enzi za wakomunisti, ukimtoza kodi ya kukarabati jumba la waliomfunga, umemtukana. Ila Wasoshalisti, ambao hukusanyika mlimani hapo kila mwaka kwa bendera na hotuba, hawakuwa na haraka ya kupokea funguo, na makabidhiano hayakukamilika.

Kwangu mimi, hoja ya Borisov inakwama kwenye ile michango. Kama fedha zilikuwa za wananchi, chama hakikuwa mwenye mali tangu mwanzo, na ndiyo maana dola ililitwaa. Sasa huwezi kumchukulia mtu ng'ombe wa maziwa, kisha ukamrudishia mifupa ukaiita hisani. Na kuziba paa si kumsamehe Zhivkov. Hata yule mtoto wa Belene anahitaji mahali pa kuwaonyesha wajukuu chama kilivyojiona.

Wakati wanasukumiana, taasisi ya Getty ya Marekani ilitoa dola 185,000 mwaka 2019 za kuandaa mpango wa uhifadhi, kisha ikaongeza nyingine za kushikiza mozaiki zisizidi kubanduka. Fedha za urithi wa tajiri wa mafuta, zinamzuia Lenin asidondoke ukutani.