Mnawaka Kijani, Moyo Mmeusahau

Mei ikifika, Marekani inavaa tepe za kijani. Ni mwezi wa Lyme, ugonjwa wa bakteria wanaoletwa na kupe: majengo yanamulikwa kijani, marehemu wanakumbukwa kwa mishumaa na picha. Sawa. Ila sikiliza hotuba mpaka mwisho uone kama moyo utatajwa zaidi ya mara moja. Na Lyme ikiua waziwazi, huulia moyoni.

Kati ya Novemba 2012 na Julai 2013, watu watatu wenye umri wa miaka 26 hadi 38 walikufa ghafla kaskazini-mashariki mwa Marekani. Hakuna aliyejulikana kuwa na Lyme alipokuwa hai. Ugonjwa ulionekana mioyo yao ilipochunguzwa. Mmoja alikuwa ameonana na daktari, akaandikiwa dawa ya wasiwasi. Wasiwasi!

Bakteria huingia kwenye misuli ya moyo, kinga ya mwili huwafuata humohumo, na uvimbe hukaba njia inayopitisha umeme kutoka vyumba vya juu kwenda vya chini. Karatasi ya ECG, kipimo kinachochora umeme wa moyo, haifichi. Hesabu tangu mwanzo wa wimbi la P (kilima kidogo cha kwanza) hadi mwanzo wa QRS (mwinuko mkali unaofuata): kawaida ni vijisanduku vidogo vitatu hadi vitano. Vikifika saba na nusu, yaani milisekunde 300, mgonjwa harudi nyumbani hata kama anatembea na kupiga soga, maana umeme unaweza kukatika kabisa ndani ya dakika chache. Analazwa kwenye mashine ya kufuatilia mapigo, anachomwa antibayotiki ya seftriaksoni mshipani, gramu 2 kwa siku, na hali ikidai anawekewa betri ya moyo (kifaa cha kuongoza mapigo) ya muda. Ya muda, narudia. Njia hiyo huwa inafunguka yenyewe dawa zikishakolea, na mgonjwa humalizia kwa vidonge mpaka zitimie siku 14 hadi 21. Kumpandikizia kijana betri ya kudumu siku ya pili ni haraka isiyo na baraka.

Mtasema ni nadra. Haya, ni nadra: moyo huguswa kwa takriban mgonjwa 1 kati ya 100 wanaoripotiwa, na wengi wao hupona. Lakini hicho ndicho kifo kinachozuilika kwa kipimo rahisi, halafu ndicho kinachofunikwa na orodha za marehemu zinazochanganya kila msiba uliowahi kuhusishwa na kupe. Seneta wa zamani wa Marekani Kay Hagan, aliyefariki 2019, hakuuawa na Lyme bali na virusi vya Powassan, navyo huletwa na kupe. Antibayotiki haivigusi hata kidogo. Familia zilizopoteza mtu baada ya miaka ya maumivu na kupuuzwa siwanyimi kilio chao. Daktari wa zamu lakini atajifunza nini hapo?

 

Ndugu zetu mlioko Minnesota, Massachusetts na Pennsylvania, zile picha za duara jekundu, baka la Lyme, zilipigwa kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu baka linaweza kuonekana kama jeraha la kugongwa, na mara nyingi halina duara lolote. Hutokea siku 3 hadi 30 baada ya kuumwa na kupe, na wiki za mwanzo kipimo cha damu huweza kusema huna kitu kwa sababu kingamwili bado hazijatosha. Kupe ambaye hajakomaa ni mdogo kuliko punje ya ufuta: mkamateni karibu kabisa na ngozi kwa kibano chenye ncha nyembamba, vuteni wima bila kuzungusha. Mafuta ya mgando na kiberiti wekeni pembeni. Akiwa ameganda saa 36 au zaidi, ulizeni kuhusu antibayotiki ya kinga, doksisaiklini miligramu 200 mara moja, kabla ya saa 72 kupita tangu atolewe.

Na mtu akizimia, pumzi ikimkatika au moyo ukimwenda ovyo wiki kadhaa baada ya kutembea majanini, tajeni kupe kabla ya kuulizwa na mdai ECG palepale: vibandiko kumi, dakika tano. Ikionyesha kasoro, antibayotiki ianze siku hiyohiyo. Majibu ya damu yatakuta dozi imeshaingia.