Usijali, Mwalimu

Kila shule zinapofungwa, akiba ya damu nchini Uganda hupungua, kwa sababu sehemu kubwa ya wachangiaji wetu ni wanafunzi. Kwa kulijua hilo, timu ya kukusanya damu ilipofika shuleni kwetu hapa Jinja mwaka jana, zikiwa zimesalia wiki chache muhula umalizike, nilijipanga mstarini pamoja na wanafunzi wangu, nikanyoosha mkono, nikapewa soda na biskuti, kisha nikarudi darasani kuendelea na somo la ngeli. Baada ya wiki kadhaa nilipigiwa simu nikachukue majibu. Karatasi niliyopewa ilikuwa na alama ya kujumlisha mbele ya maneno "homa ya ini C", na aliyenikabidhi aliniambia nikamwone daktari, halafu akamwita mtu aliyekuwa nyuma yangu.

Daktari wa kwanza, katika zahanati ya binafsi, aliiangalia karatasi ile kwa muda mfupi mno. "Usijali, Mwalimu," aliniambia, "mambo ya ini ni ya kawaida sana siku hizi. Acha pombe, kunywa maji mengi." Sijaonja pombe tangu nizaliwe, na yeye hakuuliza. Kwa kuwa sikuridhika nilikwenda kwa daktari wa pili, ambaye aliagiza kipimo cha haraka cha kutoboa kidole, na majibu yakaja kwamba sina. Nilipomuuliza lipi kati ya majibu hayo mawili nilishike, alinijibu huku akiandika kwenye simu yake kwamba homa ya ini C haina chanjo wala dawa, kwa hiyo kujua au kutojua ni mamoja.

Nimelitafakari jambo hili kwa miezi mingi, na ninaloliona ni kwamba madaktari hawa, mmoja akinituliza na mwenzake akinikatisha tamaa, walifanya kitu kimoja: kila mmoja alitafuta sentensi ya kuyafunga mazungumzo kabla sijauliza swali la pili. Kusema "usijali" ni rahisi kuliko kueleza, na kusema "haina dawa" ni rahisi vilevile. Tena wote wawili walikosea. Ni kweli kwamba homa ya ini C haina chanjo, lakini dawa ipo: vidonge kama sofosbuvir na daclatasvir, vinavyomezwa kwa kawaida kwa wiki 12, huwaponya zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa. Na si jambo la kupuuzwa, kwa maana kirusi hiki kinaweza kukaa mwilini miaka 20 au 30 kimya kabisa, ini likisinyaa polepole, mpaka siku tumbo linapojaa maji.

Nilichohitaji kuambiwa ni kwamba kipimo cha kwanza hakitafuti kirusi, bali hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwaandaa baada ya kukutana na adui. Askari hao hubaki hata adui akishaondoka. Kati ya watu 100 wanaoambukizwa, takriban 30 hukiondoa kirusi wenyewe ndani ya miezi sita bila dawa yoyote, lakini kingamwili zao huendelea kuonekana kwenye vipimo kwa miaka mingi. Kwa hiyo alama ile ya kujumlisha ingeweza kuwa na maana tatu: kwamba ninacho kirusi, kwamba niliwahi kuwa nacho nikapona bila kujua, au kwamba kipimo kilikosea. Kinachoitenganisha maana ya kwanza na hizo mbili nyingine ni kipimo cha aina nyingine, kinachotafuta chembe za kirusi chenyewe ndani ya damu. Maelezo hayo yote hayajai dakika mbili.

Kuhusu kipimo kukosea, niliwahi kudhani ni maneno ya kujifariji, mpaka nilipokaa na kalamu. Tuchukue mfano wa kijiji chenye watu 1,000, ambamo 10 tu wana ugonjwa, na kipimo kinachomsingizia mtu mmoja katika kila watu 100 wasio nao. Wagonjwa wote 10 watapatikana, lakini pamoja nao watapatikana karibu wengine 10 ambao hawana chochote, na hapo nusu ya watakaopewa karatasi yenye alama ya kujumlisha ni wazima. Benki ya damu inalijua hilo na inalikubali, kwa sababu kazi yake ni kumlinda mgonjwa atakayeongezewa damu ile. Ni heri imwage chupa 10 salama kuliko kuiachia moja yenye kirusi. Sioni kosa katika hilo. Kosa huanza pale karatasi iliyoandikwa kwa ajili ya kulinda chupa inapokabidhiwa mwenye damu kana kwamba ni hukumu juu ya mwili wake.

Hapa kwetu kuna mkanganyiko mwingine. Kampeni za chanjo ya homa ya ini B, zilizoanza kuenezwa kwa watu wazima mwaka 2015 hasa katika wilaya za kaskazini, zimewafanya Waganda wengi waifahamu B, na hilo ni jema. Lakini sasa mtu akisema "homa ya ini" kila anayesikia huwaza hiyo hiyo. Shangazi yangu aliniuliza kwa nini nisiende tu kuchanjwa. Jirani aliniletea mululuza, yale majani machungu ya mitishamba, uliochemshwa, na nilipomweleza kwamba mtu mwenye shaka na ini lake hapaswi kulibebesha dawa asizozijua kipimo chake, alihuzunika, maana alikuwa ameuchuma kwa mikono yake. Nyumbani kikombe changu kilianza kuwekwa peke yake. Hakuna aliyenitamkia neno, nami sikuwa na ujuzi wa kutosha wa kuwaambia wenzangu kwamba kirusi hiki hupita kwa damu, kwa sindano, kwa wembe, na kwamba kula na kunywa pamoja hakuambukizi.

Usiku ndio ulikuwa mgumu. Majibu yasiyo na maelezo humfanya mtu ayapekue maisha yake yote akitafuta tundu ambamo ugonjwa ulipenyea. Nilikumbuka sindano za utotoni, zilizochemshwa kwenye sufuria moja na kutumika kwa watoto wa mtaa mzima. Nilikumbuka kinyozi wa chini ya mwembe na wembe wake. Mama aliwahi kunisimulia kwamba nilipokuwa mchanga nilitolewa ebinyo, yale meno ya uongo ambayo wazee waliamini ndiyo yanayowaharisha watoto, na kwamba aliyenitoa alitumia spoku ya baiskeli. Nilimkasirikia mama, aliyekwisha kufariki, kwa jambo alilolifanya kwa kunipenda. Hilo ndilo linaloniuma zaidi kuliko yote, na sidhani kwamba daktari aliyesema "usijali" anafahamu kwamba neno lake lilinifikisha huko.

Najua foleni za vituo vyetu vya afya zilivyo. Nimeona daktari mmoja akiwahudumia watu tangu asubuhi hadi saa kumi jioni bila kuweka chochote mdomoni, na sidai anishike mkono. Pia sidai awe na uhakika asio nao. Ulimwengu wa utabibu wenyewe uliishi na mashaka juu ya ugonjwa huu kwa muda mrefu: katika miaka ya 1970 watafiti, akiwemo Harvey Alter wa Marekani, waliona watu wakiugua ini baada ya kuongezewa damu, ilhali vipimo vya A na vya B havikuonyesha kitu, nao wakauita tu homa ya ini isiyo A wala B. Kirusi chenyewe kilitambuliwa mwaka 1989, na Alter, Michael Houghton na Charles Rice walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2020. Kwa zaidi ya miaka 10 wataalamu hao walilitumia jina lililokiri wazi kwamba hawajui, huku wakiendelea kutafuta. Daktari wangu naye angeweza kuniambia kwamba bado hatujui, kwamba kuna kipimo kitakachotuambia, na kwamba kinapatikana mahali fulani.

Aliyeniambia hivyo hatimaye alikuwa dada mmoja wa maabara mjini Kampala, niliyefika kwake baada ya kuweka akiba miezi miwili. Alinichorea nyuma ya bahasha mistari miwili, mmoja wa kingamwili na mwingine wa kirusi, akanionyesha ni wapi kila kipimo nilichofanyiwa kilikuwa kikiangalia, na kwa nini viwili vile viliweza kutofautiana bila hata kimoja kuwa cha hovyo. Majibu yalipotoka, kirusi hakikuonekana. Alinishauri nirudie baada ya miezi sita, nami nikarudia, nacho hakikuonekana.

Nilirudi kwa watu wa damu kuuliza kama ningeweza kuchangia tena. Safari hii nilimkuta mama mmoja mtu mzima aliyenikaribisha kiti kwanza. Alisema hapana, kwa sababu kuna uwezekano mkubwa kwamba damu yangu itaendelea kukiamsha kipimo chao, na hawawezi kumtundikia mgonjwa chupa ambayo kipimo kimeitilia shaka, hata kama mimi ni mzima. Nilihuzunika, lakini sikulala macho usiku ule. Muhula huu timu ilipokuja shuleni niliketi mezani mlangoni, nikaandika majina ya wanafunzi, na kila mmoja nilimweleza maana ya karatasi atakayopewa.